Kidimbwi cha Mwisho cha Nyangwe

Kila asubuhi ya kiangazi, Aziza na mama yake, Amisa, walibeba vikapu kwenda bwawani, nyuma ya nyumba za Nyangwe. Wakati wa mvua mto Lualaba ulifurika na kulijaza bwawa. Kiangazi maji yalipungua, vikabaki vidimbwi ambamo wanawake walivua. Kimoja tu, chenye kina kirefu kuliko vyote, hakikuguswa. Samaki wake ndio waliozaliana na kulijaza bwawa mvua iliporudi.

Mwaka mmoja, wakati wa Wabelgiji, mvua ilichelewa mno. Vidimbwi vyote vikakauka isipokuwa kile. Wanaume walikuwa wamepelekwa kutengeneza barabara, na nyumbani kwa Aziza walikula sombe tupu, majani ya muhogo, siku baada ya siku.

Adhuhuri moja, wanawake wakiwa kwenye mashamba ya pamba, Aziza alichukua jembe la mama yake, akachimba mfereji kwenye kidimbwi kile ili apunguze maji kidogo. Alikamata kambale watatu. Alipotaka kuuziba, tope lilimbomokea mikononi. Maji yote yakaenda. Akawachoma samaki wake kichakani, akala peke yake, kisha akaliosha lile jembe.

Jioni wanawake walikuta samaki wengine wamekufa. Jembe pekee waliloliona lina tope lilikuwa la Mama Victorine, mjane aliyelima viazi kando ya bwawa.

"Nililima viazi tu!" alilia.

"Mwongo! Usikanyage hapa tena!" wanawake wakampigia kelele.

Aziza alisimama kando ya mama yake, akitazama. Wiki ile Mama Victorine akahamia Kasongo kwa kaka yake.

Mvua ikaja, bwawa likajaa hadi kwenye matete. Lakini kiangazi kilichofuata, vikapu vilitoka na majani tu.

"Yule mjane ametumaliza," jirani akasema.

Aziza akashindwa kuvumilia. "Si yeye. Ni mimi."

Amisa alimfanya aseme tena mbele ya wanawake wote. Kisha mama na binti wakatembea siku mbili hadi Kasongo.

Mama Victorine alisikiliza huku akipepeta mchele. "Mwaka mzima nimeitwa mwizi," akasema. "Na wewe ulisimama pale, ukinitazama nikilia."

"Turudi, dada," Amisa akasihi. "Sasa wote wanajua."

"Shamba langu analima nani?"

"Jirani mmoja amelichukua," Amisa akakiri.

"Basi. Nendeni salama."

Njiani Aziza alilia. "Nimesema ukweli, mama. Mbona hanisamehe?"

"Ulisema ulipochoka kuficha. Yeye alikuhitaji useme siku ile. Ukikosea, sema kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa ajili yako. Na kile kidimbwi kilikuwa chakula cha watu wote, cha mwaka mzima. Mvua ikichelewa tena, tutakilinda mimi na wewe. Futa machozi, tutembee."