Lenzi Iliyoharibu Pua ya Kinyozi

“Dada, kwanza niambie. Unataka kumpiga nani?”

Muuza kamera alikuwa amepanga lenzi tatu juu ya kaunta. Kidoti, mpiga picha mwenye studio yake ya chumba kimoja, akazitazama kama anayetazama mtihani.

“Napiga nyuso za watu.”

“Basi lenzi ya uso inajaribiwa kwa uso. Mlete mtu wako akae pale, utaijua palepale.”

“Sina mtu.”

“Mrembo kama wewe?”

“Kaka, niuzie lenzi.”

Jamani, mtu alikuwa naye! Tena kinyozi, mpole, mwenye aibu za kuchekesha. Wiki tano nyuma, siku ya kumtambulisha kwenye grupu la familia, Kidoti akachukua lenzi pana, ile ya kupigia kumbi na majengo, akamsogelea mpaka pumzi zikagusana. Akabonyeza. Weee! Pua ikavimba kama balbu, masikio yakapotea. Kwa furaha aliyokuwa nayo hata hakuona, akairusha picha hivyohivyo kwenye grupu.

Dada zake walicheka mpaka basi. Shangazi akaandika: “Huyo mkwe akisafiri, pua inalipiwa nauli yake?”

Kinyozi, aliyeingizwa kwenye grupu asubuhi ileile, akasoma yote. Akajitoa. Tangu kesho yake kila ujumbe wa Kidoti anausoma, hajibu.

Mchana kutwa Kidoti anawaambia wachumba wa watu “sogeleaneni, tabasamuni.” Jioni anarudi kwake, anapika kikombe kimoja cha mchele, anakula amesimama. Hata nywele za kisogoni zimeota ovyo. Yule kinyozi ndiye aliyekuwa akimnyoa, na kwenda kwa mwingine ameshindwa.

Akajikuta anamsimulia muuza kamera yote.

“Lenzi haina kosa,” yule kaka akasema. “Ulimkaribia mno, na kilicho mbele lazima kivimbe. Hii ya milimita themanini na tano itakurudisha nyuma hatua tatu, uso utulie.”

“Nilimweleza siku ileile. Akajibu mara moja tu, ‘Anayenipenda hawezi kuniona hivi.’”

Kidoti akachukua lenzi pana kati ya zile tatu, akaifunga kwenye kamera yake, akajigeuzia karibu vilevile, akabonyeza.

“Mungu wangu!”

Muuza kamera akainama chini ya kaunta kujifanya anatafuta boksi. Mabega yanamcheza.

Kidoti akaituma picha kwenye grupu, akamtumia na kinyozi: “Huyu ni mimi kwa lenzi kama ile. Mchumba wangu hana pua ile, niliikosea mimi. Haya, chekeni.”

Shangazi akajibu upesi: “Afadhali ya mkwe!”

Simu ikaita. Nyuma ya sauti ya kinyozi mashine ya kunyolea ilikuwa inanguruma.

“Nimeiona.”

“Umecheka?”

“Kidogo. Mteja wangu ndiye kacheka sana.”

“Nisamehe kwa ile pua.”

“Bado hujanielewa. Pua ningeivumilia. Shangazi aliponitania, wewe ulijibu nini?”

Kidoti alikuwa amejibu kwa vikatuni vya kucheka mpaka machozi.

“Vikatuni vitano,” kinyozi akasema. “Wale wengine hawanijui, wana haki. Mle ndani mimi nilikuwa na wewe tu.”

“Niliogopa wataniona nakutetea mapema.” Machozi yakaanza, mbele ya kaunta ya watu. “Hapo ndipo nilipokukosea. Nilikuacha peke yako.”

Mashine ikazimwa.

“Uko wapi?”

“Duka la kamera, nyuma ya benki.”

“Nisubiri. Kuna kichwa kimefika nusu.”

Alifika na aproni yake, nywele za wateja zimemjaa kifuani. Muuza kamera akamvutia kigoda bila kuulizwa. Kidoti akafunga ile ya themanini na tano, akarudi nyuma, hatua moja, mbili, tatu.

“Mbona umekwenda mbali hivyo?”

“Hii inataka nisimame mbali ndiyo utokee vizuri.”

“Wiki tano umesimama mbali. Nimetokea vizuri?”

“Kaa utulie, wewe!”

Akamlenga jicho. Lenzi ikamletea kila kitu: mashavu yamebonyea, chini ya macho kumeingia weusi. Kumbe na huyu alikuwa hapati usingizi! Kidole kikagoma kubonyeza. Akaiweka kamera kwenye kaunta, akamfuata.

“Nini? Pua tena?”

“Umekonda,” Kidoti akasema, akamkumbatia palepale kwenye kigoda.

Muuza kamera akakohoa. “Samahani jamani, lenzi mnachukua?”

“Ifunge kwenye boksi, kaka,” Kidoti akajibu, uso wake kifuani pa kinyozi, mdomoni nywele za watu asiowajua.