Rekodi Sitini na Tatu za Babu

Kila asubuhi, kabla hajavaa hata soksi za shule, Waya alikwenda kwanza sebuleni kuitazama mashine yake. Ilikuwa laptopu kuukuu ambayo kioo chake kilipasuka zamani. Mjomba wake, fundi wa kompyuta, alikiondoa kioo chote na kubakiza kiwiliwili tu. Ilikaa kwenye rafu juu ya cherehani ya Mama, ikiwa na waya mmoja wa umeme na mmoja wa mtandao, na taa yake ndogo ya kijani ikipepesa mchana kutwa. Waya aliipuliza vumbi, akaigusa ubavuni kuona kama imepata joto kupita kiasi, ndipo akaenda kuoga. Mama alikuwa ameshazoea. "Wenzako wanafuga kuku," alimtania, "wewe umefuga chuma."

Jina hilo la Waya alipewa na wanafunzi wenzake, kwa sababu mfuko wa sketi yake haukukosa kipande cha waya. Alikuwa na umri wa miaka kumi na tatu. Watu wengi huweka picha na nyaraka zao kwenye kompyuta za makampuni makubwa, lakini Waya alipenda kuziweka za nyumbani kwao kwenye mashine aliyoiendesha mwenyewe. Mashine ya namna hiyo, inayozihudumia simu na kompyuta nyingine, huitwa seva. Mjomba alimfundisha kwamba seva moja haitoshi, kwa hiyo alimkodishia nyingine ya bei ya chini kabisa. Hiyo ilikuwa sehemu ndogo ya kompyuta kubwa iliyokuwa mbali sana, mahali ambapo Waya hajawahi kufika. Kazi yake ilikuwa moja tu, kuhifadhi nakala. Kila Jumapili seva ya nyumbani ilituma nakala za mafaili huko, kisha ikaandika ujumbe mfupi kwamba kazi imekamilika.

Kati ya mafaili hayo yalikuwamo ambayo thamani yake haisemeki. Babu, aliyekuwa mpanga herufi katika kiwanda cha uchapaji, alilazwa katika hospitali ya mbali kwa miezi miwili kabla ya kufariki. Kila asubuhi alimtumia Bibi ujumbe wa sauti kwa simu. Alimjulia hali, akamsimulia manesi wamesema nini, akamtania, na pengine akacheka peke yake. Wiki chache baada ya msiba simu ya Bibi iliharibika, lakini Waya alikuwa amekwisha kuzihamishia rekodi zote kwenye seva. Zilikuwa sitini na tatu. Alasiri, Bibi akishaanua nguo, alikaa kwenye kiti chake, akabonyeza simu yake mpya na kusikiliza rekodi moja tu, basi. "Nikizisikiliza zote kwa mpigo," alisema, "kesho atanisalimia nani?"

Jumamosi moja Waya aliamua kuweka mfumo mpya kwenye seva yake. Kwa kazi hiyo ilibidi diski ifutwe yote.

"Na vitu vya Bibi yako?" Mama aliuliza huku akitia uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Vina nakala, Mama. Zinatumwa kila Jumapili."

"Umeziona kwa macho yako?"

"Seva inaandika yenyewe kwamba imekamilika," Waya alijibu, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

Diski ikafutwa. Baada ya saa moja mfumo mpya ulikuwa tayari. Waya akaingia kwenye seva ya mbali ili azirudishe rekodi nyumbani. Akafungua folda. Ilikuwa tupu. Akaifunga, akaifungua tena, kana kwamba ilikuwa inamfanyia mzaha. Ilikuwa tupu vilevile.

Alihangaika hadi akaelewa kilichotokea. Miezi mitano nyuma aliwahi kupanga mafaili upya, akazihamishia rekodi kwenye folda mpya. Hakukumbuka kubadilisha maagizo ya kunakili. Basi kila Jumapili seva ilinakili folda ya zamani, ambayo haikuwa na kitu, na kwa kuwa nakala ilitakiwa ifanane na folda ya nyumbani, hata rekodi zilizokuwa kule mbali ziliondolewa. Seva ilifanya kama ilivyoagizwa. Waya ndiye aliyesoma ujumbe wake kila wiki bila hata siku moja kuifungua nakala.

Alasiri Bibi alikaa kwenye kiti chake, akabonyeza simu mara mbili tatu.

"Mjukuu wangu, mbona leo babu yako kaninyamazia?"

"Seva inawekwa mfumo mpya, Bibi," Waya alisema akitazama sakafu. "Ngoja kidogo."

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, na ndiyo maana yalimtoka kwa urahisi. Ya Jumapili hayakuwa na ukweli wowote. Siku hiyo alisema mtandao unasumbua. Bibi akaitikia, akakaa pale pale mikono mapajani, kisha akaondoka kwenda kukunja nguo ambazo alikuwa ameshazikunja.

Jumatatu shuleni, Waya alimweleza rafiki yake, msichana aliyeitwa Redio kwa jinsi asivyojua kunyamaza.

"Hilo dogo," Redio alisema. "Jaza vitu vingine humo. Wakiona picha zinafunguka, watajua mashine ni nzima. Bibi atasahau."

"Bibi hawezi kusahau."

"Basi angalau utapata muda wa kufikiri."

Waya alijua ushauri huo ni mbovu, lakini ulimpa nafuu, akaufuata. Alasiri ile alipakia picha mia tatu kutoka kwenye simu ya Mama, na filamu mbili ndefu juu yake. Taa ya kijani ikapepesa kwa kasi. Mama alipoziona picha zake zikifunguka alifurahi. "Kumbe imeshapona!" alisema. Waya alitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma.

Jumatano alirudi kutoka shule akawakuta Mama na Bibi jikoni. Hawakumwona. Bibi alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, simu yake ikiwa mezani, imefungwa kwenye leso.

"Ni mimi, mwanangu," Bibi alimwambia Mama. "Ijumaa nilibonyeza mahali, sijui wapi, kikatokea kitu chekundu. Nikakifunga haraka. Nadhani nimezifuta sauti za baba yenu. Huyu mtoto anajua, ila ananificha ili nisiumie. Hiyo simu iondoe mbele yangu, nisije nikaharibu na mengine."

Kwa siku nne Waya alikuwa ameogopa hasira ya Bibi. Hakuwaza hata mara moja kwamba Bibi angeubeba mzigo ule na kuuita wake. Akapiga moyo konde, akaingia jikoni na begi lake mgongoni.

"Bibi, si wewe. Hukufuta kitu. Ni mimi."

Akawaeleza yote, tangu folda tupu mpaka picha mia tatu. Hakumtaja Redio, kwa sababu mikono iliyofanya ilikuwa yake. Bibi alihesabu kwa vidole, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, kisha akaviangalia vidole vyake vinne.

"Mpigie ndugu yako," alimwambia Mama.

Mjomba hakusubiri hata mwisho wa maelezo. "Izimeni!" sauti yake ilisikika simuni. "Chomoeni umeme sasa hivi, na mtu asiguse kitu."

Alifika baada ya nusu saa, mikono bado ina vumbi la kazini. Akaifungua mashine mezani, akaitoa diski na kuishika kwa ncha za vidole.

"Kaa hapa, Waya. Chukulia kwamba hili ni daftari. Ukifuta diski namna ulivyofuta wewe, mara nyingi unachana ukurasa wa yaliyomo tu. Kurasa nyingine bado zina maandishi yake, ila mashine inaziona kuwa ni nyeupe. Fundi mwenye zana anaweza kuyasoma maandishi hayo na kuyatoa. Lakini ukiandika kitu kingine juu yake, hapo hakuna fundi duniani. Haya, niambie. Tangu Jumamosi umeandika nini humu?"

"Picha za Mama," Waya alisema. "Mia tatu." Kisha akaongeza, "Na filamu mbili."

Mjomba alifumba macho.

"Kwa nini uliweka filamu?"

"Ili taa iwake. Muone inafanya kazi."

Mjomba aliifunga diski kwa kitambaa, akaondoka nayo.

Siku mbili zilizofuata Waya alikaa roho juu. Shuleni alikaa kimya, hata Redio naye akapunguza maneno, na siku ya pili akamwomba radhi. Rafu juu ya cherehani ilikuwa wazi, na Waya hakutaka kuitazama.

Jumamosi Mjomba alirudi. Alikuwa na diski mpya na karatasi iliyokunjwa. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa sababu ilibidi azisikilize rekodi zote ili ajue zipi ni nzima.

"Nimepata arobaini na moja," alisema. "Ishirini na mbili zimekwenda." Alimgeukia Waya, bila ukali. "Ungenipigia Jumamosi ile ile, huenda tungezipata zote. Yule ni baba yangu, Waya. Na mimi nilikuwa nazihitaji."

Waya alilia. Hakuna aliyemkataza. Alipotulia, Mjomba alimpa ile karatasi, orodha ya rekodi zilizopona, na alipoipitia aliona mara moja kwamba ile aliyoipenda Bibi kuliko zote haimo. Bibi pia alijua la kuuliza.

"Ile anayoniita kwa jina langu la usichana," Bibi alisema taratibu, "ile aliyocheka mpaka akakohoa. Imo?"

Waya alitamani kusema labda. Alitamani kusema Mjomba anaendelea kuitafuta. Mama na Mjomba walikuwa wakimtazama, nao hawakumsaidia. Akainua macho.

"Haimo, Bibi. Haitarudi. Mimi ndiye niliyeandika vitu vingine juu yake."

Bibi alivuta pumzi ndefu, machozi yakamtiririka, akayaacha. Kisha akanyoosha mkono na kumvuta mjukuu wake akae karibu na magoti yake.

"Nisikilize. Ulifuta kwa bahati mbaya, na hilo nilikusamehe hata kabla hujaniomba. Kila anayefanya kazi hukosea, na babu yako alikosea herufi mpaka gazeti zima likachapwa upya. Lakini yeye aliposhika kosa lake alikimbia kumwita msimamizi wakati mitambo bado inazunguka. Wewe siku zile nne ulikuwa unajilinda, na kila siku uliyojilinda, ndivyo sauti yake ilivyokuwa ikipungua. Kosa lilichukua muda wa kubonyeza mara moja. Kilichotuumiza ni kulificha. Siku nyingine ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, wakati bado kuna cha kuokoa. Hata kama ni kwangu. Hasa kama ni kwangu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bibi."

"Leo umenijibu ukweli, na ukweli wenyewe ni mchungu. Nimeliona hilo."

Siku iliyofuata Waya na Mjomba walifanya kazi tangu asubuhi. Rekodi ziliwekwa kwenye seva ya nyumbani, kwenye seva ya kukodi, na kwenye diski ndogo iliyokaa kabatini kwa Mama. Waya hakuridhika na ujumbe wowote wa mashine. Alizirudisha nakala kutoka kule mbali, akazifungua moja moja mpaka ya arobaini na moja, huku Mjomba akitia alama kwenye karatasi. Wakakubaliana kwamba kila mwisho wa wiki jambo hilo litafanyika tena mbele ya mtu mzima.

Alasiri Waya aliifungua leso, akampa Bibi simu yake. Bibi alisita kidogo, kidole kikiwa juu ya kioo.

"Bonyeza tu, Bibi. Huwezi kuharibu."

Bibi akabonyeza. Sauti ya Babu ikatoka, kavu na yenye mzaha, ikijaza sebule. "Haya mke wangu, umeamkaje leo?"

Mama alisimamisha cherehani. Mjomba aliangalia dirishani. Bibi aliinamisha kichwa karibu na simu, akajibu kama alivyomjibu mumewe siku zote.

"Salama," alisema. "Tumeamka salama."