Chombo Hakirudi Kitupu

Kilichomtia Fakhria shaka mwanzo ni picha. Hazikuwepo.

Mkahawa wa Kijapani, ndivyo ulivyoandikwa kwenye ramani ya simu, njia ya Kwihara, nyota nne na pointi tisa, maoni ya watu mia tatu na kumi na mbili. Watu wote hao wamekula, wameshiba, wamesifu, na hakuna hata mmoja aliyepiga picha ya sahani? Tabora hii, ambayo mtu akinunua soda anaipiga picha kabla hajaifungua? Akasoma maoni. "Tumekaribishwa vizuri." "Tumekaribishwa vizuri sana." "Tupo, tunakula." Hakuna aliyetaja bei wala aliyelalamika kwamba wali ulichelewa.

"Watu hawalalamiki, na wewe unalalamikia hilo," mumewe Azzam alisema akicheka. "Weka oda ya meza, mke wangu. Alhamisi si mbali."

Alhamisi walikuwa wanakuja wageni wawili kutoka Japani kununua asali. Fakhria na Azzam walikuwa wakikusanya asali kwa warina wa Ulyankulu na kuichuja wenyewe, uani kwao Isevya. Azzam alikuwa ameamua kwamba mgeni ukimlisha chakula cha kwao hakusahau maisha. Naye Azzam akishashika wazo, hata umchape mwiko haliachi. Ila ni mume mwema, na Fakhria alimpenda kwa ubishi wake huo huo.

Hata hivyo hakuweka oda. Alituma ujumbe Jumamosi ile, akaomba kuona orodha ya vyakula. Jibu lilifika kabla hajaiweka simu chini.

"Mtaonja kwanza."

Jumapili, jua likiwa la utosi na mtaa umelala, Fakhria alisikia watu wanapita nje. Hawakuwa wawili watatu. Zilikuwa nyayo nyingi, za miguu mitupu, za watu waliochoka na waliobeba vitu vizito. Alipofungua mlango barabara ilikuwa tupu, na vumbi limetulia. Barazani palikuwa na kikasha cheusi kinachong'aa, chenye mfuniko.

Ndani mlikuwa na wali ulioshikana, mboga zilizokatwa kama maua, na vipande vya samaki mbichi. Walinuka bahari. Fakhria aliwahi kufika Dar es Salaam, harufu ile aliijua, na kutoka Tabora mpaka bahari ni mwendo wa siku nzima na zaidi. Hakugusa. Azzam alikula vyote akalamba vidole.

Sasa hapo ndipo Fakhria alipokosea, na wa kumlaumu ni nani? Alilelewa hivyo. Jirani akikuletea chakula, chombo chake hakirudi kitupu, hata ukiweka chumvi kidogo. Alikiosha kikasha, akakifuta, akaweka ndani chupa ya asali, akakiacha barazani mpaka mwenyewe atakapokifuata. Aligeuka kufunga kanga, na alipotazama tena hakikuwepo.

Jumatatu, saa ile ile, zile nyayo zikapita tena. Kikasha kikaja, Azzam akala, Fakhria akakirudisha na visheti. Usiku ule Azzam hakugusa wali wa nyumbani. Alisema hauna ladha. Fakhria akaanza kuogopa, akaandika kwenye simu: Asanteni, hatutakuja. Jibu likawa lile lile. Aliufuta ujumbe, ukarudi. Akaizima simu, akaifungia kabatini, na bado akaisikia ikilia mle ndani, mara moja, taratibu, kama mtu anayekohoa msikitini.

Jumanne Azzam alitafuna tonge la kwanza akasita. Machozi yakamtoka.

"Fakhria," alinong'ona, "hiki kina mkono wa mama."

Mama yake, Bi Thuraya, alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita. Fakhria ndiye aliyemwosha. Siku hiyo hakukiosha kikasha wala hakukijaza. Alikificha jikoni kama kilivyo, na asubuhi ya Jumatano akaenda kwa Mwalimu Sabiri, fundi cherehani ambaye jioni husomesha watoto Kurani, na ambaye mji mzima unajua kwamba husomea pia watu waliopatwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Bi Fakhria." Alimsikiliza huku akitia mafuta cherehani. Fakhria alipotaja kwamba alikirudisha chombo na asali, mkono wake ukasimama.

"Njia ile imepitisha watu wengi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyo mwenyeji alikuwepo tangu enzi za misafara. Mpagazi alipewa ugali wa mtama, Mwarabu akapewa pilau. Jini hana kabila. Anampikia mtu kile anachokitafuta, na wewe umetafuta Kijapani."

"Anataka nini kwetu?"

"Ujirani. Chombo kinakwenda, chombo kinarudi, mwisho unakwenda mwenyewe. Mumeo ameshaweka meza?"

"Bado. Mimi nimekataa."

"Usiruhusu. Akiweka jina lake pale, kwake ndipo pale. Hapa atakuwa mpita njia tu."

"Na kama ameshaweka?"

Mwalimu alitazama mlangoni kwanza. "Basi chombo kirudi kitupu. Kichafu hivyo hivyo, kwa mkono wako wewe uliyekijaza. Usitoe salamu, usipokee salamu, hata akuite nani. Huyu anaishi kwa adabu zetu, mama. Mnyime."

Fakhria alirudi nyumbani mbio mbio. Azzam alikuwa amesimama uani, ameoga, amevaa kanzu nyeupe, na simu aliyoifungia kabatini iko mkononi mwake.

"Nimeweka meza," alisema kwa upole. "Ya mtu mmoja. Leo saa saba."

Fakhria alimshika mkono, ukawa wa baridi. Alimlilia, akamkataza, na Azzam akawa anaitikia tu "ndiyo, mke wangu" huku miguu ikielekea kwenye gari. Basi Fakhria akamnyang'anya ufunguo, akakichukua kikasha, akakaa kwenye usukani, Azzam kando yake. Niseme ukweli, ingawa kikasha alikibeba, hakuwa na ushujaa wa kwenda Kwihara. Alipanga kukimbilia Nzega kwa wifi yake. Aliishika barabara ya Nzega anayoijua tangu utotoni, akapita mizani, akapita mashamba ya tumbaku, na alipokata kona ya kwanza akajikuta kwenye njia nyembamba ya vumbi, na mbele yake kibao kipya cheupe chenye nyota nne na pointi tisa. Akageuza gari. Kona ya pili, kibao kile kile. Akageuza tena, na mara ya tatu gari likazimika lenyewe miguuni pa kibao.

Lilikuwa tembe la zamani, nyumba ya udongo, paa bapa, mlango wazi. Ndani kiza, ingawa jua lilikuwa kichwani.

"Usishuke," alimwambia Azzam. "Usiseme neno. Nakuomba kwa jina la Mola."

Alishuka na kikasha mikononi, akatembea hatua zake hadi kizingitini, na kila hatua harufu ya bahari ikazidi, na chini ya harufu hiyo ikaja nyingine, ya udi na kafuri, harufu ya chumba alichomwoshea maiti miaka mitatu nyuma, na kutoka gizani akasikia watu wengi wanatafuna polepole bila kuzungumza, mamia ya watu, vijiko na vidole na vijiti, na akajua bila kuambiwa kwamba ni wale mia tatu na kumi na mbili na wengine wa kabla ya simu. Akakiweka kikasha chini, kitupu na kichafu. Utafunaji ukakoma.

"Mkwe wangu," sauti ya Bi Thuraya ikasema, karibu kabisa. "Unanipita hivi hivi? Hata shikamoo?"

Fakhria aliuma ulimi mpaka akaonja damu.

"Haya. Azzam, mwanangu. Na wewe?"

Nyuma yake mlango wa gari ukafunguka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ndani, kinapoa."

Azzam akampita kama hamwoni. Fakhria alimdaka kanzu, kanzu ikamponyoka kama maji, naye akaingia, na giza likaanza kujifunga nyuma yake. Ndipo Fakhria, ambaye katika maisha yake hakuwahi kumpandishia mkubwa sauti, alipofungua kinywa.

"Mchawi wewe!" alipiga kelele. "Mama gani wewe? Mama mkwe wangu nimemwosha mimi, kwa mikono hii! Chakula chako kinanuka, nyumba yako jaa, na mkono wako wa kupika ni wa mbwa! Asali yangu itapike! Sikutaki, sina ujirani na wewe, nirudishie mume wangu!"

Alitukana mpaka sauti ikakauka, maneno ambayo hakujua kwamba anayajua. Mle ndani kitu kikavuta pumzi ndefu. Kisha, na hili ndilo lililomvunja, akasikia mwanamke mzee anaanza kulia, kwikwi za taratibu, vile vile alivyolia Bi Thuraya siku ya harusi yao.

Azzam akatoka. Alitembea kama mtu aliyeamshwa, mikono yake ina joto. Fakhria alimkumbatia, akamsukuma ndani ya gari, akafunga milango yote. Nyuma yao palikuwa na kifusi cha udongo tu, na hakuna kibao. Alilia kwa shukrani, akambusu viganja.

"Ulikuwa unamtukana nani?" Azzam aliuliza.

"Hakuna mtu. Yamekwisha. Tunakwenda nyumbani."

"Mama amesema hana kinyongo na wewe." Alikuwa anatazama mbele, macho maangavu, mpole kama siku zote. "Amesema ameelewa kwamba njia ni mbali na sisi tuna kazi. Kwa hiyo atakuja yeye. Amesema ametangulia, tusimkawize mlangoni."

Fakhria alibaki ameshika ufunguo, asijue akiwasha gari alipeleke wapi.