Sanamu ya Udongo Mtupu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare ya shule, Mchwa aliteremka ngazi tisa hadi kwenye karakana ya mama yake kuuamsha udongo. Ndivyo walivyoiita kazi ile nyumbani kwao. Udongo ulilala chini ya magunia yaliyolowa, na kulipokucha magunia yalikuwa yameanza kukauka pembeni. Mchwa aliyanyunyizia maji, akafunua upande mmoja, akabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikizama bila kunata, udongo uko sawa. Kikinata, umekunywa maji kupita kiasi. Kikigoma kuingia, basi udongo umenuna na unataka kubembelezwa.

Jina lake halisi lilikuwa shuleni tu, kwenye daftari la mahudhurio. Nyumbani na mtaani alikuwa Mchwa, tangu alipokuwa mtoto wa miaka miwili anayejenga vichuguu popote palipo na matope. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lilikuwa limemkaa kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo chake.

Mama yake alikuwa mfinyanzi wa sanamu. Alizitengeneza kwa ajili ya familia za Kihindu kama yao, zinazoweka sanamu nyumbani wakati wa ibada. Nyingi zilikuwa za Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na tumbo la mviringo. Ibada ikiisha, sanamu huzamishwa majini ili irudi ilikotoka. Ndiyo maana Mama hakuzichoma kwenye tanuri, wala hakuzipaka rangi za makopo. Alitumia udongo wa kando ya mto, uliochekechwa mara mbili, na rangi alizozipata kwenye manjano, udongo mwekundu na masizi.

"Kitu kinachokwenda majini," alizoea kusema, "kisiwapelekee samaki maradhi."

Jumamosi moja aliingia muuguzi anayekaa jengo la pili kutoka kwao, akiwa bado na viatu vyeupe vya kazini. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama afanyavyo mtu aliyesimama kutwa nzima.

"Dada, nahitaji Ganesha," alimwambia Mama. "Wa udongo mtupu. Mwaka jana tulinunua mmoja dukani, mweupe, anang'aa kama sahani. Tukamzamisha kwenye beseni, maana mama mkwe wangu hatembei, hawezi kwenda mtoni. Basi yule sanamu alikaa majini siku nne, hayeyuki! Rangi ilitoka, uso ukabaki nusu. Kumbe ni jasi, ile plasta ya dari. Mama mkwe alikuwa akimtazama na kulia. Mwishowe tulimfunga kwenye gazeti, na mpaka leo hataki kuniuliza nilimpeleka wapi."

Mama alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ibada yenu ni lini?"

"Siku kumi na sita kutoka leo."

Mama alimgeukia binti yake aliyekuwa akikanda udongo pembeni. "Mchwa, umesikia? Hii utaitengeneza wewe, toka mwanzo hadi mwisho. Mimi nitatazama tu."

Mchwa alihisi masikio yakiwaka moto. Kwa miaka miwili alikuwa amefinyanga vidole, masikio na panya mdogo anayekaa miguuni pa Ganesha. Sanamu nzima alikuwa hajawahi kupewa.

Alifanya kazi siku tatu. Alianza na tumbo, akapandisha mabega, akaunganisha mikono minne kwa uji wa udongo, kisha akaushusha mkonga taratibu kama maji yanayoteremka. Sanamu ilisimama shibiri mbili. Mama alipoutazama mkonga ule aliguna tu, na Mchwa alijua kuwa mguno wa mama yake ulikuwa sawa na makofi ya watu kumi.

"Sasa kivulini siku kumi," alisema Mama. "Uigeuze asubuhi na jioni. Hakuna njia ya mkato."

Lakini shuleni Mchwa alikuwa ameshafungua mdomo. Alimweleza jirani yake wa dawati kwamba ametengeneza sanamu peke yake, nzima, bila kusaidiwa.

"Maneno matupu hayavunji mfupa," alijibu yule msichana. "Nitaamini nikiiona."

"Njoo Ijumaa. Utaikuta imekwisha, na rangi juu."

Alhamisi baada ya shule Mchwa alibonyeza tumbo la sanamu. Bado lilikuwa baridi na bichi. Ijumaa ni kesho. Mama alikuwa ametoka kwenda kuchagua udongo mtoni. Mchwa alitazama ngazi zinazopanda hadi juu ya paa, ambako jua lilikuwa likiwaka kama lililolipwa. "Saa moja tu," alijiambia, akaibeba.

Aliporudi baada ya saa moja, ufa ulikuwa umeanza begani ukateremka hadi kitovuni, na mkonga ulikuwa umeanguka, umelala mapajani pa sanamu.

Mchwa alikaa kwenye sakafu ya paa. Akawaza kuanza upya, akamkumbuka yule wa dawatini. Akawaza kumwambia Mama, akakumbuka ule mguno. Ndipo alipoukumbuka mfuko wa jasi ambao kaka yake aliuacha chini ya ngazi baada ya kuziba dari. Wahenga wamesema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mchwa akauziba. Jasi ilikauka upesi ajabu, nyeupe na ngumu kama jino. Aliisugua, akaubandika mkonga, kisha akapaka sanamu yote rangi ya manjano na nyekundu. Mama aliporudi hapakuwa na alama yoyote.

"Umeshapaka rangi?" Mama alishangaa. "Imekauka?"

"Imekauka, Mama. Joto la wiki hii limeiwahisha."

Mama aliiinua, akaigonga begani kwa ukucha, pakalia pakavu, akaigeuza kwenye mwanga. Kisha aliiweka kwenye rafu ya mbele, ile inayoonekana kutoka barabarani, mahali ambapo kazi zake mwenyewe zilikaa. "Haya," alisema kwa sauti ya chini, "leo nimepata mwenzangu."

Mchwa alikuwa ameyasubiri maneno hayo miaka miwili. Yalipofika, aligeuka akaanza kuosha brashi zilizokuwa safi tayari. Ijumaa jirani yake wa dawati alikuja, akatazama, akakiri kwamba ameshindwa. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alisimama mlangoni akasifu. Muuza magazeti naye akasifu. Kila sifa ilimwongezea Mchwa mzigo, hata jioni ile chakula hakikupita.

Jumamosi, muuguzi alikuja akisukuma kiti cha magurudumu. Aliyeketi humo alikuwa mama mkwe wake, bibi mwembamba mwenye miwani minene na macho ya utani.

"Nimekuja kumwona fundi," alisema bibi. "Nimeambiwa ni mkubwa sana, kimo chake kinafika kwenye kitasa cha mlango."

Mama alicheka, akaishusha sanamu na kuiweka mapajani pa bibi. Bibi aliipapasa polepole, vidole vikitambaa kwenye tumbo, kwenye mkonga, kwenye bega.

"Mwaka huu nitakaa karibu na beseni," alisema. "Nitaitazama ikiondoka vizuri, kama mgeni anayeaga. Halafu ule udongo tutautia kwenye chungu cha mrehani wangu dirishani. Asante, mjukuu wangu. Hujui umenipa nini."

Mchwa alifungua mdomo ili aseme "karibu tena". Yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Bibi, haitaondoka."

Vidole vya bibi vilisimama begani pa sanamu.

"Niliianika juani," alisema Mchwa, machozi yakianza kumtiririka. "Ikapasuka. Nimeiziba kwa jasi, hapa, mpaka hapa. Na mkonga pia. Nimewadanganya. Nisamehe, Bibi. Mama, nisamehe."

Muuguzi alishika kichwa. Uso wa Mama ulikuwa umekaza kama ngozi ya ngoma. Alichukua kijiti cha mwanzi, akakwangua begani. Chini ya rangi ya manjano mstari mweupe ulitokeza.

"Nani alikufundisha hivi?"

"Hakuna. Nilifikiri... wahenga walisema tuzibe ufa."

"Walisema tuuzibe," alijibu Mama. "Hawakusema tuufiche."

Bibi alikuwa bado ameishika sanamu. Watu walimtazama wakidhani atalia tena kama mwaka jana. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo yake.

"Yule mwenye duka alituapia kwamba ni udongo," alisema. "Mtu mzima na ndevu zake! Huyu mtoto amenieleza kabla sijaifikisha nyumbani. Siku ngapi zimebaki?"

"Tisa," alisema muuguzi.

"Ya shibiri mbili haitakauka kwa siku tisa," alisema Mama.

"Basi atufanyie ya shibiri moja. Mungu hapimwi kwa rula."

Mama alimgeukia Mchwa. "Ivunje," alisema. "Wewe mwenyewe."

Mchwa aliivunja kwa nyundo ndogo ya mbao, akichambua vipande vya jasi kimoja kimoja, huku udongo mzuri akiurudisha kwenye ndoo ulowekwe. Kufikia kipande cha mwisho, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, alisikia njaa.

Alianza upya mchana uleule. Safari hii hakumwambia mtu shuleni. Aliifinyanga kwa siku mbili, akachimba uwazi ndani ya tumbo ili hewa ipite, kisha akaiweka kivulini. Asubuhi na jioni aliigeuza. Siku ya tano ukatokea ufa mwembamba kama unywele chini ya sikio. Mchwa alikwenda moja kwa moja kwa mama yake.

"Mama, njoo uone."

Mama alimwonyesha namna ya kulainisha kingo kwa kidole chenye maji, kujaza uji wa udongo uleule, na kufunika kitambaa kibichi ili sehemu zote zikauke pamoja. Ufa ulifunga. Siku ya nane Mchwa alipaka rangi: manjano mwilini, wekundu kwenye vazi, masizi machoni.

Siku ya ibada familia mbili zilikutana sebuleni kwa muuguzi, ghorofa ya tatu. Sala zilipokwisha, beseni kubwa la bati liliwekwa mbele ya kiti cha bibi. Mchwa mwenyewe aliishusha sanamu ndani ya maji, mikono miwili, taratibu.

Kwanza hapakutokea kitu. Kaka yake alikohoa. Kisha viputo vidogo vilipanda, mikono ya sanamu ikalegea, mkonga ukajikunja ukatoweka, na tumbo likashuka kama mlima wa mchanga mvua inapokolea. Haikupita hata saa moja. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya chai. Bibi aliingiza mkono hadi chini ya beseni, akapekua, akautoa umejaa tope laini. Hapakuwa na jiwe wala chembe ngumu.

"Ameaga vizuri," alisema bibi, akicheka na kulia kwa pamoja. "Tena hakusahau hata kidole!"

Mjomba mmoja wa muuguzi, aliyekuja kutoka mtaa wa mbali, aliuliza ni fundi gani aliyeifanya, maana naye angependa kuagiza ya mwaka ujao.

Mama aliweka mkono begani mwa Mchwa. "Huyu hapa. Zungumza naye mwenyewe."

Walipokuwa wakirudi nyumbani, Mchwa aliuliza kwa sauti ndogo, "Mama, ile siku ulinikasirikia sana?"

"Sana," alijibu Mama. "Nilikukasirikia kwa yale ya paani, na nilijivunia wewe kwa yale uliyomwambia bibi. Yote mawili kwa dakika moja. Nilidhani kichwa kitapasuka." Alisimama, akamtazama. "Sikiliza, mwanangu. Kufinyanga mkonga mzuri ni kipaji, na kipaji ulizaliwa nacho. Lakini watu watakapokuja kwetu hawatauliza kama mkonga ni mzuri. Watauliza kama tukisema ni udongo, kweli ni udongo. Fundi huaminiwa kwa neno lake kwanza, mikono yake baadaye. Leo una vyote viwili. Vitunze."

Mchwa alitembea kando ya mama yake katikati ya barabara pana, kichwa juu, kucha zake zikiwa bado na udongo.