Kodi ya Unene

Korogwe ilipokwisha kuwa jiji, barabara zake hazikuwa tena za lami. Zilikuwa na ngozi, nyeusi na nyororo, iliyoitwa ngozi-hisi, nayo ilimpima kila aliyeikanyaga kama mama apimavyo unga kwa kiganja. Ngozi ndiyo iliyoshika usukani, ikafungua njia mbele ya gari na kuifunga nyuma yake. Gari dogo lilipita bure. Gari kubwa kuliko haja ya aliyemo lilitozwa, na watu, ambao hawakosi jina la kukipa kitu, wakaiita kodi ya unene. Lililobeba maiti halikutozwa wala halikusimamishwa popote. Hata gari la wagonjwa lilisimama kuliachia njia, kwani nani angedhani misiba ingekuwa mingi?

Bwana Semhando akaona hapo ndipo pa kupenyea.

Gari lake aliliita Kifaru. Lingebeba harusi nzima na ngoma zake, lakini lilibeba tumbo moja tu, la mwenyewe. Kodi yake haikufika hata bei ya kiatu chake cha kushoto, ila kuna watu ukiwaambia watoe, wanaona umewatukana. Akanunua jeneza, akalitandika barafu, maana ngozi-hisi ilimtambua maiti kwa ubaridi na kwa kulala kimya. Kifuani akajifunga mkanda wa kuficha mapigo ya moyo. Basi kila asubuhi mwanamume mzima, mwenye wajukuu, alijikunja jenezani kama kuku tengani, aende ofisini. Mbele alimkalisha mkewe, Bi Zawena, amejitanda kaniki, awe mfiwa. Siri ikitoka, jiji lingelichukua gari. Bi Zawena alikuwa amenyamaza kwa aibu, si kwa mapenzi.

"Mama Mishi," sauti ikatoka jenezani asubuhi hiyo, "leo lia kidogo. Jana ulikaa kama mtu anayekwenda kununua nyanya."

"Nitalia ukifa, Baba Mishi."

"Wakigundua wataninyang'anya gari."

"Na heshima je?"

"Heshima haina magurudumu."

Lakini wahandisi walikuwa wameifundisha barabara adabu mpya: mfiwa asipotee njia, asindikizwe mpaka mwisho. Walipofika kona ya ofisini, usukani ukakataa kugeuka.

"Poleni wafiwa," barabara ikasema kwa upole. "Tunawafikisha msikitini."

"Mama Mishi! Tunakwenda wapi?"

"Kukuzika," akajibu Bi Zawena.

Uani mwa msikiti wanaume walikuwa wamekwisha kusanyika, wameitwa na barabara. Kubeba jeneza ni thawabu, kwa hiyo waligombea mabega.

"Marehemu alikuwa mtu wa kula," mmoja akanong'ona, akihema.

"Hakubakiza kitu hapa duniani," mwenzake akamjibu.

Wakalitua. Ndani hakukusikika hata kikohozi. Bwana Semhando alikuwa radhi asaliwe, maana kukohoa kungemgharimu gari.

Sheikh Mdoe akasimama. "Ndugu zangu, kabla hatujamsalia, kama yupo anayemdai marehemu, aseme. Deni halizikwi."

Upande wa wanawake akatoka mama mmoja mwembamba, Mama Chausiku, akamshika Bi Zawena mikono.

"Mimi simdai, dada yangu. Nimekuja kukupa pole tu. Nyumba yenu imeandamwa. Mwezi uliopita gari hili hili lilipita Manundu na maiti, sote tukasimamishwa. Nilikuwa na binti yangu kwenye gari la wagonjwa, uchungu umemshika. Dereva akaiomba barabara njia, ikamwambia, mpisheni maiti kwanza."

"Alijifungua?" Bi Zawena akauliza.

"Mtoto alifia palepale njiani. Jioni mama yake akamfuata. Watu wakaniambia nikadai. Nikawaambia, nimdai nani? Maiti ana haki yake ya njia. Nikawasamehe, mimi na mkwe wangu. Wafiwa hatugombani."

Bi Zawena akalitazama jeneza. Akangoja. Akaliachia muda wa kutosha mtu mwenye haya kubisha mbao hata mara moja. Jeneza likakaa kimya.

"Bi mkubwa," Sheikh akasema, "akitokea mdai mwingine, familia italipokea deni?"

"Mengine tungeyapokea, Sheikh. La huyu mama siliwezi. Alipe mwenyewe."

Akafunua kifuniko.

Moshi wa barafu ukatoka, na chini yake akaonekana Bwana Semhando, kope amezikaza, mashavu yamevimba kwa kubana pumzi, bado anajitahidi kuwa maiti mbele ya watu wote wale. Wanaume waliombeba wakayafuta mabega yao.

Mama Chausiku akainama, akamtazama kwa muda mrefu. Akamgusa shavu kwa kidole.

"Pumua, baba," akamwambia. "Wapo walioitaka pumzi hiyo wakaikosa."