Herufi Saba za Kufumua

Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua viatu, Shangazi hunikabidhi mkasi nikate nyuzi zinazoning'inia kwenye nguo alizomaliza. Shangazi ni fundi cherehani. Chumba chake kina meza moja, taa moja, na vitambaa hadi uvunguni mwa kitanda.

Wiki hiyo alikuwa akitarizi vitambaa vya meza kwa ajili ya maonyesho ya Kihispania shuleni kwetu, kila kimoja kikiwa na bendera na jina la nchi kwa Kihispania. Mwalimu wetu alikuwa amemwambia kwamba kazi ikipendeza, atapewa na sare za kwaya azishone. Mimi nilipewa orodha ya nchi niandike majina, na mwalimu akasisitiza nimwonyeshe kwanza. Sikumwonyesha. Nilikuwa wa kwanza darasani katika somo hilo, na kichwa kilikuwa kimenivimba.

"Ujerumani ni Alemania," nilimwambia Shangazi kwa madaha.

"Ujerumani na Alemania, wapi na wapi?" alicheka, na tangu hapo akaniita Profesa.

Mchana wa siku iliyotangulia maonyesho, kazi ikiwa imekwisha, nilifungua kitabu changu penye ramani nijipime. Uswidi ilikuwa Suecia, na Uswisi ilikuwa Suiza. Mimi nilikuwa nimeyabadilisha, kila moja mahali pa mwenzake. Shangazi hajui neno la Kihispania, lakini lawama zingemwangukia yeye, na sare za kwaya zingempita hivi hivi. Nilitamani kunyamaza, nikaona aibu.

"Shangazi, nimekuharibia kazi," nilisema. Nikamweleza yote, hata lile la kutomwonyesha mwalimu.

Alivua miwani, akavilinganisha vile vitambaa viwili. Kisha akanisogezea kiti na wembe.

"Herufi mbili za mwanzo zinafanana, ziache," alisema. "Hizo saba zilizobaki ni zako, Profesa."

Nilifumua uzi kwa uzi hadi vidole vikaniuma, yeye akatarizi upya. Tulimaliza jua halijazama.

Asubuhi tulipofikisha kazi shuleni, mwalimu alikipapasa kitambaa cha Uswidi, akaona matundu ya sindano, akauliza kulikoni. Nilisema mbele ya wenzangu wote kwamba kosa lilikuwa langu na marekebisho yalikuwa ya Shangazi. Mwalimu aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akamwomba Shangazi aje Jumatatu kuwapima wanakwaya.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, Shangazi alinishika bega.

"Leo nimejivunia wewe, mwanangu. Usipokuwa na uhakika, uliza. Na ukishakosea, sema mapema, wakati kosa bado linafumulika."

Nilitembea kifua mbele hadi mlangoni. Kabla sijavua viatu, nikaomba mkasi mwenyewe.