Usukani wa Chumba cha Saba

"Ung'oe hapo ukutani, Afanasi Lukich! Leo hii!"

"Niupeleke wapi, Klavdia? Nyambizi yenyewe imeshakatwa vyuma. Na wewe umeniletea supu au kesi?"

Mama na yule mzee walifokeana jikoni kwake, mimi nimeshika bakuli la supu ya kabichi. Ilikuwa alasiri na nje giza tayari. Kwetu kaskazini kabisa, Desemba jua halichomozi.

Nyambizi ikistaafishwa, kila baharia wake huchukua kitu cha ukumbusho. Wengi huchukua kikombe. Mzee huyu alichukua usukani wa chuma wa kufungia mlango wa chumba cha saba, akautundika jikoni. Miaka ishirini na sita nyambizi ile ilipita chini ya barafu kwa nguvu za nyuklia, na moto uliwaka mara moja tu. Chumba cha saba. Baba yangu na wenzake walikuwa ndani. Aliyefunga mlango ni Afanasi Lukich.

"Kufunga sikulaumu," mama alisema, sauti imeshuka. "Moto ungewamaliza nyote. Lakini ulipozimika... waligonga?"

"Nikwambie mara ngapi? Kimya. Walikufa papo hapo."

Usukani ukaanza kudondosha maji. Meusi, yananuka mafuta na mpira ulioungua.

Halafu ukuta ukagongwa.

Ngo... ngo... ngo...

Tuko ghorofa ya nne. Nyuma ya ukuta ule kuna upepo tu.

Usukani ukazunguka. Polepole.

"Hapana!" Mzee aliurukia, akaung'ang'ania kwa mikono miwili. Viganja vikaungua, nikasikia harufu ya nyama. Hakuuachia. "Msitoke! Siku nzima mnagonga, siku nzima... si niliwaambia mkome?"

Mama alisikia. Nami nilisikia.

"Rimma, viatu," alininong'oneza. Akatwaa ufunguo msumarini, tukatoka, akafunga kwa nje.

Ndani, mzee akaanza kuupiga mlango kwa ngumi.

"Mama, mfungulie," nilimwomba. "Mama..."

Daktari aliandika kwamba mzee alikufa kwa moyo. Kuta zilikuwa na masizi mpaka darini, lakini majirani hawakuona moshi. Usukani haujapatikana hadi leo.

Mimi namkumbuka mama tu, alivyoinama, mdomo kwenye tundu la ufunguo, akasema taratibu kama anayebembeleza mtoto:

"Usigonge, Afanasi Lukich. Unamaliza hewa."